Kuuza Harufu kwa Simu

Harufu haipiti kwenye simu. Hapo ndipo shughuli inapoanzia kwa mtu anayetaka kumuuzia karafuu, mdalasini na pilipili manga za Uluguru mteja aliyeko Tabata au Arusha. Sokoni mnunuzi huinama, huchota kiganja kimoja, hunusa, hubonyeza kwa ukucha, ndipo anauliza bei. Kwenye simu pua haina kazi na vidole havina kazi. Limebaki jicho, tena linatazama kioo kidogo chenye mikwaruzo, ndani ya daladala.

Nasoma masoko Chuo Kikuu Mzumbe, nje kidogo ya mji wa Morogoro kwenye barabara ya Iringa. Darasani tunaanza na McCarthy, Mmarekani aliyeandika mwaka 1960 kwamba mwenye biashara ana mambo manne ya kupanga: bidhaa, bei, mahali, na namna ya kuitangaza. Tunafundishwa kwamba intaneti imevuruga hayo mawili ya mwisho. Somo hilo nimelielewa vizuri zaidi nikiwa nimekaa kwenye kigoda huko Bigwa, pale barabara ya Mkuyuni, Matombo na Kisaki inapoachana na ile ya Dar es Salaam, katika chumba cha mbele cha mama mmoja muuza viungo. Aliniruhusu kutazama kwa masharti mawili: nisimtaje jina, na nisiguse mizani.

Mzigo wake unatoka upande wa mashariki wa milima ya Uluguru, ule unaotazama bahari na kupokea mvua nyingi. Morogoro wanaiita mji kasoro bahari, na utani huo una ukweli wake kwa mkulima wa Kinole, kwa sababu upepo wa bahari hiyo tusiyokuwa nayo ndio unaomletea mvua ya mikarafuu. Ng'ambo ya pili, Mgeta, ni nchi ya kabichi, karoti na stroberi. Huyu mama ni Mluguru, na kwa Waluguru ardhi hufuata ukoo wa mama. Mikarafuu anayoanza nayo kila msimu ilikuwa ya bibi yake mzaa mama. Karafuu nyingine hununua kwa majirani wa shamba lenye mikarafuu hiyo, na kwa wakulima wa Tawa na Matombo anaowajua kwa sauti.

Kwa sauti kweli. Mkulima akishamaliza kuanika humtumia picha. Mama huikuza kwa vidole viwili, lakini haangalii katikati ya lundo, mahali ambapo kila mtu huweka karafuu zake nzuri. Anaangalia pembeni, kwenye ukingo wa mkeka, ambako vumbi, majani na vichwa vilivyokatika hujikusanya vyenyewe. Kisha anampigia. "Shikamoo mjomba. Chukua moja, ivunje karibu na simu." Ukimya kidogo, halafu mlio mdogo mkavu. Karafuu iliyokauka sawasawa hukatika. Ambayo bado ina maji hupinda. Mama hushusha simu sikioni, hufikiri, na mara nyingine husema iachwe juani siku mbili zaidi. Nilichopenda ni kwamba harufu imeshindwa kupita lakini mlio umepita, na yeye amelijua hilo bila kufundishwa na mtu. Jambo hilohilo atalitumia baadaye kwa mteja.

Gunia likifika, kazi ya simu husimama kabisa. Simu huwekwa kwenye kabati, kifudifudi. Anatandika mkeka, anachukua ungo na kupepeta, kidogo kidogo, mikono ikirusha na kupokea kwa mwendo mmoja usiobadilika, mpaka vumbi na majani yasogee mdomoni mwa ungo na kuanguka. Baada ya hapo ni vidole. Makonyo kushoto, vichwa vilivyokatika kulia, karafuu nzima katikati. Makonyo hayatupi, huyauza kwa bei yake na kwa jina lake, makonyo, hata pale ambapo yakisagwa na kuchanganywa hakuna mteja angegundua. Kila baada ya viganja kadhaa anachukua karafuu moja na kuibonyeza kichwa kwa ukucha kuona kama inatoa mafuta. Halafu kuna bilauri ya maji dirishani. Anadondosha chache: zinazozama, au zinazosimama wima kichwa juu, zina mafuta yake, zinazolala juu ya maji zimechoka. Kilo tatu za karafuu mbichi hutoa kama kilo moja kavu, kwa hiyo kila inayokataliwa ilishalipiwa jasho mara tatu. Anaikataa hata hivyo.

Mdalasini una utaratibu mwingine. Gamba la nje limeshaparuliwa huko shambani, na ganda la ndani limejikunja lenyewe lilipokauka kivulini. Maganda ya matawi machanga ni membamba na hujikunja kwa kubana. Ya shina ni manene, hubaki wazi kama mfereji. Wauzaji wengi huyachanganya, membamba juu na manene chini. Mama hutenga mafungu mawili, na kila fungu litapigwa picha yake.

Nilidhani nimekuja kutazama utangazaji, na nusu ya asubuhi imepita kabla kamera haijafunguliwa. Kwenye mada zetu za mtandao darasani, picha huja mwanzo: maudhui, ratiba ya kuposti, idadi ya wafuasi. Hapa picha ni hatua ya tano au ya sita, na ubora wake umeshaamuliwa na ungo.

Meza anaisogeza hadi karibu na dirisha lakini nje ya jua. Jua likiipiga karafuu moja kwa moja, kwenye picha hutoka nyeusi, na kivuli chake huwa kikali kuliko chenyewe. Anataka mwanga wa kando, ule unaopatikana wingu likishaondoka mlimani na kabla jua halijawa la utosi. Pazia jeupe analivuta nusu. Juu ya meza anatandaza kipande cha gunia la katani. Zamani alitumia sahani ya bati, akaiacha kwa sababu inang'aa na kulivuta jicho. Anaipumulia kamera, anaifuta kwa pindo la kanga, anaitazama kwa pembe, anaifuta tena. Hatua hii huchukua muda mrefu kuliko unavyodhani. Alama ya mafuta ya kidole juu ya kioo cha kamera huifanya karafuu ionekane imepata ukungu, na mteja aliye mbali hawezi kujua kama ukungu uko kwenye karafuu au kwenye simu.

Filta hatumii. Simu yake ina tabia ya kuongeza wekundu yenyewe, na amejua pa kuizima. Rangi ya karafuu ndiyo hukumu yake. Hudhurungi yenye wekundu kidogo ni nzuri, kijivu ni ya zamani, na akiirembesha picha, mteja atafungua mfuko akute rangi nyingine. Hapo atakuwa amempoteza mteja na jirani wa mteja.

Picha ni nne. Ya kwanza ni lundo zima, pamoja na ukingo wake, ule ukingo aliouangalia yeye kwa mkulima. Ya pili ni kiganja, chenye mistari yake na kucha zake fupi. Ya tatu ni fimbo ya mdalasini au karafuu chache kando ya sarafu ya shilingi 500, upande wa nyati, ili mtu wa mbali apate kipimo cha ukubwa. Ya nne ni karafuu moja iliyopasuliwa. Hii ya nne humchosha. Inabidi asogee mpaka kamera ikatae kuona vizuri, kisha arudi nyuma kidogo kidogo, pumzi imebanwa, asubiri picha itulie. Akikosea hurudia, bila kulalamika, kwa sura ileile aliyokuwa nayo kwenye ungo.

Mwisho ni video fupi ya mizani. Naiona hii kuwa kazi bora kuliko zote anazofanya. Kwanza kioo cha mizani kinaonesha sifuri. Anaweka mfuko mtupu, namba inapanda. Anabonyeza, inarudi sifuri. Anamimina karafuu polepole mpaka 100, anasita, anaongeza mbili au tatu, namba inasogea kidogo kupita 100, anafunga. Kisha, bado kamera inarekodi, anavunja karafuu moja karibu na simu, na mlio unasikika. Hakuna neno lililosemwa.

Msomaji wa mjini huenda asione uzito wa video hiyo. Mtu wa Uluguru anauona. Kwa miaka mingi mkulima wa milimani amelalamikia lumbesa, lile gunia linaloshonewa kilemba juu mpaka linabeba zaidi ya gunia huku likilipwa kama gunia moja. Lumbesa imepigwa marufuku na Wakala wa Vipimo wanaisaka, na bado inarudi. Mama amekulia kwenye nyumba iliyouza kwa lumbesa. Mizani inayoanza sifuri mbele ya macho ya mnunuzi ni jibu lake kwa biashara nzima aliyoikuta, ingawa yeye hakulisema hivyo. Alisema tu kwamba watu wanapenda kuona sifuri.

Maneno anayaandika kwa kidole kimoja, akiyasoma kwa sauti ya chini. Ni mafupi. Karafuu ya Kinole, imeanikwa juani kwenye mkeka, imechambuliwa, gramu 100, bei hii, nauli ya basi juu ya mteja. Bei haifichi. Kwenye kurasa nyingi za Instagram za kwetu utakuta picha nzuri na maandishi yanayosema bei njoo inbox, na tuliwahi kulijadili hilo darasani kama mbinu ya kuanzisha mazungumzo. Mama ana maoni yake: mtu akiona bei imefichwa anajua kwamba anayepimwa ni yeye. Nimejaribu kutafuta hoja ya kumpinga, sijaipata.

Anaposti jioni kwenye Status ya WhatsApp, watu wakiwa wameshakula na bando bado lipo. WhatsApp ilileta Status ya picha mwaka 2017, na tangazo hukaa saa 24 kisha hufutika. Wanaofundisha masoko ya mtandaoni huona hilo kuwa upungufu. Upungufu mkubwa zaidi, kwa macho yao, ni kwamba Status haimfikii kila mtu. Inamfikia yule mliyehifadhiana namba. Huwezi kununua wafuasi elfu kumi huko. Kila mtazamaji ni mtu ambaye wakati fulani aliamua kuandika jina lako kwenye simu yake. Mama amewakusanya mmoja mmoja, tangu alipokuwa na meza Soko Kuu, kabla halijajengwa upya na kuzinduliwa mwaka 2021 kwa jina la Chifu Kingalu. Aliyenunua aliombwa: nisevu, Mama Viungo Moro. Wapo waliosevu na hawajanunua tena tangu hapo, lakini kila jioni majina yao yanaonekana kwenye orodha ya waliotazama. Hawasumbui. Anajua nani hutazama kila siku, na anasubiri.

Kando ya simu kuna daftari la kaunta. Humo kila mteja ana mstari: mtaa, alichonunua, kiasi, na makadirio ya lini kitaisha. Mpishi wa shughuli aliyeko Magomeni humaliza iliki kila harusi zikikaribiana. Muuza chai wa Dodoma humaliza mdalasini mapema msimu wa baridi. Ramadhani ikikaribia kurasa zote zinabadilika. Siku mstari ukifika, mama humwandikia huyo peke yake, kwa jina, akianza na salamu na habari za nyumbani, na biashara ikija mwishoni. Kampuni kubwa hulipia programu ghali kufanya kazi ya daftari hili, na sidhani kama programu inakumbuka kwamba yule wa Dodoma alifiwa.

Novemba 2019 Jumia, duka kubwa la mtandaoni la Afrika, lilifunga shughuli zake Tanzania. Lilikuwa na tovuti na jina linalojulikana katika nchi nyingi. Sitaki kumlinganisha nalo mama wa Bigwa. Wateja wote wa mama wangeenea kwenye mabehewa machache ya treni ya SGR. Ninachokiona ni kwamba vitu vitatu alivyonavyo, yaani namba ya simu, pesa ya mtandao na basi, vilikuwepo tayari mikononi mwa watu, na yeye alichoongeza ni uangalifu.

Mazungumzo na mteja yana ustadi wake. Anayeuliza bei ya mwisho hujibiwa kwa upole kwamba bei ni ileile, ila akichukua mifuko mitatu ataongezewa fimbo ya mdalasini. Anayemwita dada huitwa dada, anayeamkia huitikiwa marahaba. Mtu mwenye maswali mengi hujibiwa kwa ujumbe wa sauti, kwa sababu sauti, anasema, inaonesha kwamba kuna mtu. Watu wana haki ya kuogopa. Nchi nzima imepokea zile meseji za matapeli zinazosema ile hela itume kwenye namba hii. Kwa hiyo mteja mpya hamhimizi kununua nyingi. Humwambia aanze na gramu 50. Naye ana woga wake. Picha ya muamala aliyotumiwa na mteja hahesabu kuwa malipo. Anasubiri ujumbe wa mtandao uingie kwenye simu yake mwenyewe, anasoma jina, anasoma kiasi, anaangalia salio. Tangu M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008 amejifunza kusoma ujumbe huo kama karani. Mteja muungwana huweka na ya kutolea. Tozo za miamala zilipoanza Julai 2021, uungwana huo ulipungua, na mama akabeba tofauti kimyakimya kwa wateja wa zamani.

Kufungasha hufanyika asubuhi inayofuata. Mfuko wa ndani ni wa nailoni nzito, unafungwa kwa mashine ndogo ya moto ambayo huibana kwa sekunde chache, ikiachiwa anauvuta mshono pande mbili kuupima. Mfuko wa nje ni wa kaki. Anaandika kwa makapeni jina la mteja, namba, kituo, na tarehe ya kufungasha. Hewa yote ameshaitoa kwa kiganja kabla ya kufunga, kwa sababu mfuko uliojaa hewa hupasuka chini ya mizigo mingine. Kisha bodaboda hadi stendi ya Msamvu. Kwenye ofisi ya vifurushi anasimama mpaka risiti iandikwe. Anaisoma palepale na kumrudishia karani kama namba moja ya simu imekosewa. Anapiga picha risiti, anapiga picha namba ya basi, anamtumia mteja zote mbili pamoja na saa ya kuondoka. Aliyeko Dar es Salaam atajua basi litafika Mbezi lini na amtume nani. Mpaka mteja aandike kwamba amepokea, mstari wake kwenye daftari haupigwi tiki.

Siku moja nilikuwepo ujumbe ulipoingia kutoka Muscat. Aliyeandika alikuwa Mswahili wa huko, Kiswahili chake cha Unguja kisicho na kona, ameziona picha kwa ndugu yake wa Dar. Alitaka pilipili manga ya Tawa, kilo kwa kilo, siyo gramu, na kuna mtu anasafiri baada ya siku nne. Kwa hesabu za haraka nilizozifanya kichwani, hiyo ilikuwa oda kubwa kuliko zote nilizoshuhudia. Mama aliinuka, akaenda kwenye gunia la Tawa lililoingia juzi, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko na kuutoa na punje kutoka chini kabisa. Alizitazama mikunjo, akaipasua moja kwa jino. Ilikubali bila kulia.

Pilipili manga ambayo haijakauka ikifungiwa kwenye nailoni hutoa jasho, na jasho huzaa ukungu kabla ndege haijatua. Alimjibu kwa sauti, akamshukuru, akamwambia mzigo uliopo hauwezi safari hiyo, utarudi juani, na msafiri mwingine akipatikana mwezi ujao amwambie. Yule bwana alisisitiza kidogo. Mama alisisitiza kidogo zaidi, kwa adabu ileile. Kisha akalimimina gunia zima kwenye mkeka, akaanza kulitandaza kwa kiganja, tabaka moja, punje zisilaliane. Kabla hajaupeleka mkeka huo uani aliifungua simu na kuifuta Status ya pilipili manga, ingawa ilikuwa imebakiza saa nyingi.